Konsoli ya Mkononi Si ya Nyumbani Iliyonywea

Kwenye karatasi ya vipimo, ROG Ally, konsoli ya mkononi ya ASUS yenye chipu ya Z1 Extreme, imeandikiwa teraflopu 8.6, yaani hesabu trilioni 8.6 za desimali kwa sekunde. PlayStation 5 ina 10.28. Anayezisoma namba hizo kwa pamoja atadhani kifaa cha inchi saba kinaikaribia mashine inayokula wati 200 hivi chini ya runinga, kisha akiwasha mchezo mzito wa kizazi hiki atakuta hawako hata mtaa mmoja. Mwingine ataiona Steam Deck, konsoli ya mkononi ya Valve, na teraflopu zake 1.6, aitupe pembeni kwa kuwa haifiki hata PlayStation 4 ya mwaka 2013 yenye 1.84, halafu ashangae kuiona ikiendesha michezo ambayo PlayStation 4 haikuwahi kuletewa. Wote wawili wamesoma namba sahihi. Kosa lao ni kuiuliza namba hiyo swali isilolijua.

Teraflopu hupatikana kwa hesabu ya darasani. Chukua idadi ya viini vya kuchorea, zidisha kwa mbili kwa sababu kila kiini huweza kuzidisha na kujumlisha ndani ya mpigo mmoja wa saa, kisha zidisha kwa kasi ya saa. PlayStation 5: viini 2,304, mara mbili, mara gigahezi 2.23. Steam Deck: viini 512, mara mbili, mara gigahezi 1.6. Hakuna kipimo chochote kilichofanywa hapo. Ni dari ambayo chipu ingefikia kama kila kiini kingekuwa na kazi kila mpigo, jambo ambalo halitokei katika mchezo wowote.

Dari lenyewe pia limeinuliwa kwa maneno. Usanifu wa RDNA 3 uliomo kwenye Z1 Extreme unaruhusu kiini kutoa amri mbili kwa mpigo, ila kwa masharti: amri ziwe za aina zinazopatana na programu iwe imezipanga jozi kwa jozi. Msimu wa mauzo, masharti husahaulika na namba huzidishwa kwa mbili. Ukiigawa tena unapata 4.3, na hiyo ndiyo unayoweza kuiweka kando ya 10.28 bila aibu. NVIDIA nayo ilifanya la kufanana na hilo kwenye Ampere, usanifu uliomo ndani ya Nintendo Switch 2: nusu ya viini vyake hufanya ama hesabu za desimali au za namba kamili, si zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo teraflopu 3.09 za Switch 2 ikiwa dokini, yaani imechomekwa kwenye kituo kinachoiunganisha na runinga, si mara 7.9 kamili ya gigaflopu 393 za Switch ya 2017, hata kama kikokotoo kinasema hivyo. Teraflopu zilinganishwe ndani ya usanifu mmoja. Nje ya hapo ni ushabiki.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, ambayo ni kuchora pikseli. Kioo cha Steam Deck kina 1,280 kwa 800, yaani pikseli 1,024,000. Runinga ya 4K ina 8,294,400, mara nane na zaidi. Gawanya nguvu kwa idadi ya pikseli na picha inapinduka: Deck ina flopu milioni 1.6 kwa kila pikseli kila sekunde, PlayStation 5 ikichora 4K kamili inabaki na milioni 1.24, na PlayStation 4 kwenye 1080p ina 889,000 hivi. Kifaa kidogo kinaongoza.

Mashabiki wa konsoli za mkononi husimamisha hesabu hapo hapo, nao wanaisimamisha mapema. Katika michezo mizito PlayStation 5 haichori 4K kamili. Mara nyingi huchora 1440p au chini yake, kisha programu inaikuza picha hadi 4K. Kwa 1440p, yaani pikseli 3,686,400, kila pikseli inapata flopu milioni 2.79. Basi pengo si mara sita kama teraflopu zinavyodai, wala Deck haiko mbele. Ni kama mara 1.7. Kwangu hiyo ndiyo namba yenye maana, kwa sababu inaeleza kile jicho linachokiona: picha ileile kwa ujumla wake, yenye vivuli vya ngazi moja au mbili chini, majani machache na fremu pungufu.

Na jicho lina hesabu yake. Kioo cha inchi 7 chenye 1,280 kwa 800 kinabeba pikseli 215 kwa inchi. Kikiwa sentimita 40 kutoka usoni, kila digrii ya uoni inapata pikseli 59. Runinga ya inchi 55 yenye 1080p, ukiitazama kutoka mita 2.5, inatoa pikseli 69 kwa digrii. Ikiwa ya 4K inatoa 137. Jicho lenye uwezo wa kawaida hutofautisha takriban 60. Maana yake, pikseli milioni moja mkononi zinakaribia kufanya kazi ya pikseli milioni mbili sebuleni, na sehemu kubwa ya 4K kwa umbali huo haimfikii mtazamaji. Ndiyo maana ni dhuluma kuchukua picha iliyonaswa kwenye konsoli ya mkononi, kuitandaza kwenye kioo cha inchi 27, kisha kuhesabu kingo zenye meno. Hakuna anayeicheza hivyo.

Kama kila kazi ingepungua pamoja na pikseli, makala ingeishia hapa. Haipungui. Kivuli cha jua, kwa mfano, huchorwa kwanza kwenye ramani yake, na ukubwa wa ramani hiyo haujali kioo chako. Ramani ya 2,048 kwa 2,048 ina pikseli 4,194,304, mara nne ya kioo kizima cha Deck, na kuna michezo inayotumia tatu au nne za namna hiyo kwa fremu moja. Sebuleni gharama hiyo inazama ndani ya kazi nyingine. Mkononi inaweza kuwa ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Poligoni za mhusika ni zilezile uzichore kwa pikseli laki tisa au milioni nane. Mti wa data unaohitajika kufuatilia miale ya mwanga hujengwa upya kwa ukubwa uleule. Hesabu za miili inayogongana, akili za maadui, uchanganyaji wa sauti: hakuna hata moja inayouliza una kioo cha inchi ngapi.

Kazi hizo za mwisho ni za CPU, sehemu ya chipu inayoendesha mantiki ya mchezo, na hapo konsoli ya mkononi haina pa kujificha. Steam Deck ina viini vinne vya Zen 2 vinavyofika gigahezi 3.5. PlayStation 5 ina viini vinane vya familia hiyohiyo kwa kasi hiyohiyo. Ni nusu, bila fumbo. Switch ya kwanza ilikuwa na viini vinne vya Cortex-A57 kwa gigahezi 1.02, kimoja kikiwa kimeshikwa na mfumo wa uendeshaji, na kasi hiyo haikubadilika ukiiweka dokini. Ndiyo sababu mchezo uliokuwa ukikwama kwenye umati wa watu uliendelea kukwama kwenye runinga: ulichoongezewa ni GPU, sehemu inayochora picha, na GPU haikuwa mgonjwa. Jaribio la kumjua mgonjwa ni rahisi. Shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli zinazochorwa, hadi chini kabisa. Fremu zikipanda, tatizo ni GPU. Zisipotikisika, ni CPU, na hakuna mpangilio wa picha utakaokuokoa isipokuwa wa kupunguza watu, magari na umbali wa kuchora vitu.

Lakini kama ningeruhusiwa kuuliza namba moja tu kabla ya kuitolea konsoli hukumu, nisingeuliza ya GPU wala ya CPU. Ningeuliza kasi ya kumbukumbu. Kila pikseli inayochorwa inasoma tekscha (picha zinazovishwa maumbo), inasoma kina, inaandika rangi, inasomwa tena na hatua inayofuata. GPU isiyolishwa inangoja, na viini vinavyongoja vinahesabiwa kwenye teraflopu sawasawa na vinavyofanya kazi. PlayStation 5 ina kumbukumbu ya GDDR6 inayopitisha gigabaiti 448 kwa sekunde. Steam Deck ya LCD ina LPDDR5 inayopitisha 88, na ROG Ally 102. Zote tatu zinaigawana kumbukumbu hiyo kati ya CPU na GPU.

Zigawanye namba hizo kwa teraflopu uone nani ana njaa. PlayStation 4 ilikuwa na gigabaiti 95 kwa sekunde kwa kila teraflopu moja. Switch ya kwanza dokini, 65. Deck, 54. PlayStation 5, 44. Switch 2 mkononi, 40. ROG Ally kwa teraflopu zake za kwenye tangazo, 12; hata ukizigawa kwa mbili kama tulivyokubaliana, 24. Hapo ndipo kitendawili cha mwanzo kinapoteguka. Ally si konsoli mbaya, ila GPU yake ni kubwa kuliko bomba linaloilisha, na kioo chake cha 1080p kinaomba pikseli mara mbili ya Deck kupitia bomba linalokaribiana. Kwa fremu 60 kwa sekunde, Deck ina baiti 1,430 hivi za kutumia kwa kila pikseli ya kila fremu. Ally ikichora 1080p ina 820. Anayeimiliki atafanya vyema kuchora 720p na kuikuza, badala ya kushusha vivuli na mwanga huku akiacha 1080p kwa sababu kioo kinairuhusu.

Kwa nini basi wasiweke GDDR6 mkononi? Kwa sababu kumbukumbu ya aina hiyo na njia pana ya biti 256 inayoihudumia PlayStation 5 hula umeme mwingi hata kabla GPU haijachora chochote. LPDDR ilizaliwa kwa simu, na kinachopimwa huko ni nishati kwa kila biti. Chipu za mkononi hujaribu kufidia kwa kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya chipu, na NVIDIA ina ubanaji mzuri wa rangi, ila fidia si pato.

Ukubwa wa kumbukumbu ni shauri jingine, nalo halina msamaha. Mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox kwa miezi mitatu baada ya PlayStation 5, kisa Xbox Series S yenye gigabaiti 10 haikuweza kubeba hali ya kugawanya kioo kwa wachezaji wawili. Ilitoka Desemba bila hali hiyo kwenye Series S. Ile ni konsoli ya nyumbani, yenye umeme wa ukutani na teraflopu 4, na bado ilishindwa kwa nafasi na si kwa nguvu. Switch 2 ina gigabaiti 12, ambazo 9 ndizo zinazoachiwa mchezo. Kwa upande huu Deck na gigabaiti zake 16 iko vizuri kuliko inavyostahili kwa umri wake.

Chini ya haya yote kuna wati. Deck ina betri ya wati-saa 40 kwenye toleo la LCD, 50 kwenye OLED. Chipu yake ikiachiwa wati zake zote 15, kifaa kizima pamoja na kioo na feni kinafika wati 25 hivi, na betri ya 40 inakata kabla ya saa mbili. Betri hiyohiyo ingeiendesha PlayStation 5 kwa dakika 12. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi ya saa na kwa mraba wa volti, na kasi kubwa inadai volti kubwa. Punguza kasi kwa asilimia 20, volti ikishuka kwa asilimia 10, matumizi yanabaki asilimia 65 hivi. Mwenye kutengeneza konsoli ya mkononi anaishi kwenye mteremko huo: anachukua viini vingi na kuviendesha polepole. Switch 2 ina viini 1,536, mara tatu kamili ya Deck, lakini mkononi vinakwenda kwa megahezi 561 tu, na dokini 1,007.

Na kwa kuwa tumeitaja doki, tumalize uzushi mmoja. Doki ya Switch haina GPU ndani yake. Inapitisha umeme, picha na USB. Ile ya Switch 2 imeongezewa feni. Kinachotokea ukiichomeka ni kwamba chipu ileile inaruhusiwa kula zaidi, kwa kuwa betri si hoja tena na joto lina pa kwenda. Switch ya kwanza ilipanda kutoka megahezi 384, mojawapo ya kasi zake za mkononi, hadi 768: mara mbili. Pikseli kutoka 720p hadi 1080p ni mara 2.25. Waliopanga hesabu hiyo walijua walichokuwa wakifanya, kwani kila pikseli inabaki na mgao unaokaribiana, na mchezo mmoja unaweza kupimwa mara moja ukatoka na sura mbili. Switch 2 haina ulinganifu huo. Kutoka 1080p hadi 4K ni mara nne, nguvu inapanda mara 1.8, na kasi ya kumbukumbu inatoka 68 hadi 102 tu. Pengo hilo lazima lizibwe na kukuza picha.

Somo la wati si jipya. Game Gear ya Sega ilikuwa na rangi na taa nyuma ya kioo mwaka 1990, wakati Game Boy ilikuwa na vivuli vinne vya kijivu-kijani bila taa. Game Gear ilimeza betri sita za AA kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia nne kwa siku nzima na zaidi. Kwa picha, mshindi hakuwa na ubishi. PSP nayo ilitoka ikiwa na CPU inayoweza megahezi 333 lakini imefungwa kwenye 222 hadi mwaka 2007. Nguvu ilikuwa imelipiwa tangu mwanzo, ikakaa kabatini kwa sababu ya betri.

Turudi kwenye kukuza picha, kwa kuwa ndiko mjadala wa leo uliko. DLSS, programu ya NVIDIA ya kukuza picha iliyomo kwenye Switch 2, hutumia viini maalumu vya hesabu za matriki, kwa hiyo kazi ya kukuza haivipokonyi viini vya kawaida muda mwingi. Deck haina viini hivyo. FSR, programu ya AMD ya kazi hiyohiyo, inaendeshwa na viini vilevile vinavyochora mchezo. Jambo linalosahaulika ni kwamba gharama ya kukuza hufuata resolusheni ya mwisho, si ya mwanzo. Kukuza hadi 4K kwa GPU ndogo kunaweza kula milisekunde kadhaa kati ya 16.7 ulizonazo kwenye fremu 60, na ndiyo maana michezo mingi ya dokini hukubali kuishia chini ya 4K. Upande wa pili, mkononi picha ya chanzo huwa ndogo mno. Kutoka 720p kwenda 1080p ni kazi safi. Kutoka 360p kwenda 720p, programu inabahatisha: nyaya za umeme zinakatika-katika, nywele zinameta, maandishi ya mbali yanakuwa uji. Anayesema kukuza picha kumefuta tofauti kati ya mkononi na nyumbani ajaribu kutazama ukuta wa seng'enge huku kamera ikizunguka.

Mwenye kutaka kulinganisha kwa haki, basi, achague eneo moja la mchezo lenye majani, umati na mwanga wa jua, siyo chumba kitupu. Auache mchezo uende nusu saa kabla ya kupima, kwa sababu dakika tano za mwanzo chipu bado ni baridi na inajivunia kasi isiyoweza kuidumisha. Aandike wati, si fremu peke yake: ROG Ally ina hali za wati 10, 15 na 25, na 30 ikiwa kwenye chaji, na namba nyingi zinazosambazwa ni za 30. Atazame fremu mbovu kuliko wastani, maana wastani wa 45 wenye mikwamo unachosha kuliko 30 iliyotulia.

Kwenye mipangilio, kwa kioo kidogo, anza na tekscha kushuka ngazi moja. GPU huchagua ukubwa wa tekscha kulingana na pikseli zinazofunikwa, kwa hiyo kwenye 800p ngazi ya juu kabisa iliyotayarishwa kwa 4K haisomwi mara nyingi ila inakaa ndani ya kumbukumbu, na kila ngazi unayoshuka inabakiza robo ya ukubwa. Kisha ramani ya vivuli, kwa sababu iliyotajwa. Kisha ukungu na mawingu. Kulainisha kingo kwa njia ya fremu zilizopita usikuzime, hakugharimu sana na kioo kidogo kinakuhitaji.

Mwisho weka kikomo cha fremu 40. Kwa muda, fremu 40 ni milisekunde 25, katikati kabisa ya 16.7 za fremu 60 na 33.3 za fremu 30, hivyo unapata nusu ya faida kwa kazi pungufu sana. Deck ya LCD inashusha kioo chake hadi hezi 40, yaani kinaonyesha picha upya mara 40 kwa sekunde. Ya OLED inakwenda hezi 80 na kuonyesha kila fremu mara mbili. Kikomo hicho pia kinaituliza CPU, na kwa kuwa inagawana wati 15 na GPU, zile isizozitumia zinakwenda kwenye kuchora. Runinga ya hezi 60 haiwezi kufanya hivyo: 40 haigawanyi 60, fremu moja itaonyeshwa mara mbili na inayofuata mara moja, na mwendo utachechemea. Konsoli ya nyumbani inahitaji runinga ya hezi 120 kupata kitu ambacho kioo cha inchi saba kinatoa bila kuulizwa.